Kura ya Jumanne

Mtunzi wa hadithi ana uhuru ambao watu wengine hawana. Nikitaka mvua inyeshe Morogoro mwezi wa nane mpaka vijito vya Uluguru vifurike, nainyeshesha. Nikitaka mhusika wangu apande basi la asubuhi pale Msamvu na afike Dar es Salaam jana yake, hiyo ni kazi ngumu kidogo, lakini nikipata karatasi za kutosha nitaimudu. Ndiyo maana wenzangu hapa Mwembesongo wananiita "mzee wa fiksi". Sikasiriki hata kidogo. Fiksi ndiyo kazi ninayojifunza tangu nilipomaliza kidato cha nne, na riwaya yangu sasa imefika sura ya tisa katika kaunta buku la tatu.

Lakini mtu anaposimama jukwaani mbele ya watu wenye vitambulisho vya kupigia kura mifukoni, huyo si mtunzi mwenzangu. Yeye hana ruhusa ya kuisogeza Jumatatu ikawa Alhamisi. Na hili ninalotaka kukusimulia, ndugu msomaji, linahusu neno moja tu. Neno lenyewe ni "kwanza".

Mgombea mmoja alikuja kumwaga sera mtaani kwetu. Jina lake na chama chake naviacha, maana ugomvi wangu si wa rangi ya fulana. Tena nikiri kwamba jamaa anajua kuzungumza. Alianza na mitaro, akaja kwenye maji, akagusa bei ya sukari, halafu ghafla akapanda juu kabisa.

"Wabunge wenu kazi yao kupiga makofi!" akanguruma. "Watazameni wenzetu Uganda! Mwaka 2013 Sudan Kusini ilipowaka moto, Bunge la Uganda lilikaa kwanza, likapiga kura kwanza, ndipo askari akavaa buti! Na sisi je? Watoto wetu wanakwenda Kongo, nani aliwapigia kura?"

Vigelegele vilipigwa. Vijana wa bodaboda wakapiga honi. Pembeni yangu alikuwa amesimama mama mmoja jirani yetu, ambaye mwanawe ni askari na aliwahi kupelekwa Kongo. Yeye hakupiga kigelegele. Aliniinamia sikioni akauliza, "Mwanangu, wewe unasomasoma. Ni kweli wenzetu wanaulizwa kwanza?"

Nikamjibu, "Nitaangalia, mama."

Basi nikaenda kuangalia.

Nilikuwa na simu ya kuazima yenye bando la kuungaunga, kaunta buku langu, na subira. Nilichofanya ni kuandika tarehe upande mmoja wa ukurasa na tukio upande wa pili, kama tulivyofundishwa kutayarisha somo la historia. Sikuandika maoni ya mtu. Ukitaka kumkamata msema chumvi usishindane naye kwa maneno, atakushinda, kwani maneno ndiyo mtaji wake. Muulize siku.

Vita vya Sudan Kusini vilianza Juba usiku wa Jumapili, tarehe 15 Desemba 2013, baada ya Rais Salva Kiir na aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, kushindwa kukaa nyumba moja. Kabla hata ya Krismasi askari wa Uganda walikuwa wamekwishaingia Juba. Jeshi lao likaeleza kwamba limekwenda kuwaondoa raia wa Uganda waliokwama na kulinda sehemu muhimu kama uwanja wa ndege. Kwa kweli Waganda walikuwa wengi kule, wafanyabiashara wa nyanya, bia na saruji, na wengi walitaka kurudi makwao. Hilo halina ubishi.

Tarehe 30 Desemba Rais Museveni mwenyewe alikuwa Juba. Akampa Machar siku 4 akubali kusimamisha mapigano, la sivyo nchi za eneo hili zingemfuata. Sasa hapo, bwana, mtu mwenye masikio anajiuliza. Gari lililokwenda kubeba abiria waliokwama tangu lini likampa mtu siku 4?

Sasa njoo kwenye Januari 2014, na hapa naomba twende polepole.

Jumatatu, tarehe 13 Januari, yalipiganwa mapigano makubwa umbali wa kilomita kama 90 kutoka Juba. Askari wa Kiir na askari wa Uganda walikuwa upande mmoja, waasi upande wa pili. Watu walikufa pande zote.

Jumanne, tarehe 14 Januari, Bunge la Uganda, lililokuwa mapumzikoni, liliitwa Kampala kwa kikao maalumu. Serikali ikaomba Bunge liidhinishe kupelekwa kwa jeshi Sudan Kusini. Wapo wabunge waliohoji, lakini azimio likapita.

Jumatano, tarehe 15 Januari, Museveni alikuwa Luanda, Angola, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Maziwa Makuu. Huko ndiko alikoyasema hadharani yale ya Jumatatu, kwamba jeshi lake lilipigana bega kwa bega na jeshi la Sudan Kusini, kwamba waasi walipigwa vibaya, na kwamba upande wao pia ulipoteza watu. Tarehe ya 13 na zile kilomita 90 si fiksi yangu mimi. Nimezitoa kwenye kauli yake mwenyewe.

Nilipomaliza kuandika mistari hiyo mitatu nilikaa nikaiangalia kwa muda mrefu. Jumatatu, watu wanakufa. Jumanne, kura. Jumatano, habari.

Mtunzi yeyote anayejifunza kupanga visa angeona mara moja kwamba mpangilio huu umepinduka. Mhariri angekurudishia mswada wako na alama nyekundu. Mbunge aliyenyoosha mkono Jumanne alikuwa akiamua kama mtu aende, na mtu yule alikuwa amekwenda zamani, pengine hata kaburi lake lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Hapa kwetu tungeifananisha na posa inayopelekwa kwa wazazi wakati bibi harusi keshajifungua. Posa ni posa, mahari yatapokewa na pilau litaliwa, lakini asije mtu akaniambia kwamba mzee aliulizwa kwanza.

Niliyapeleka matokeo haya kijiweni, pale tunapokunywa kahawa na kashata jioni, nikitegemea kupongezwa. Ndugu yangu, nilikutana na moto.

"Kura ilipigwa, haikupigwa?" akauliza mshikaji wangu mmoja, fundi redio.

"Ilipigwa."

"Basi mgombea wetu kasema kweli. Wewe unachonga nini?"

"Kasema kwanza."

"Ah! Kwanza, baadaye, hiyo Kiswahili tu."

Mwingine akaja na hoja nzito zaidi, na hii ilinikereketa kwa sababu inatoka kwa mtu ninayemheshimu. Akasema, "Dogo, hebu tumia akili. Jamaa anadai kitu cha haki. Anataka watu wetu waulizwe kabla watoto hawajapelekwa vitani. Wewe mwenyewe unalitaka hilo. Sasa ukimkosoa kwa vitarehe vyako, unamfaidisha nani? Si unampa mpinzani wake fimbo?"

Nililala nalo hilo. Maana ni kweli, nalitaka. Ningekuwa na uwezo ningeandika sheria kwamba askari hatoki nje ya mpaka mpaka wale tuliowachagua wasimame mmoja mmoja, jina baada ya jina, aseme ndiyo au hapana, na iandikwe. Lakini kadiri nilivyofikiri niliona kwamba mgombea wetu alikuwa ameharibu hoja yake mwenyewe. Alikuwa na mfano mzuri mno wa hatari ya kutoulizwa, akaugeuza kuwa mfano wa kuulizwa! Kisa cha Uganda na Sudan Kusini kinaonyesha jinsi kura inavyoweza kufanywa pambo. Yeye akakichukua kama kielelezo cha kuigwa. Tukiiga hicho, tutaiga kupiga mhuri juu ya maiti.

Na kibaya zaidi, mfano wa kweli ulikuwa karibu naye kabisa. Angesema Somalia tu angekuwa salama. Tarehe 13 Februari 2007 Bunge la Uganda liliidhinisha askari kupelekwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na ni mwezi uliofuata, Machi 2007, ndipo kikosi kilipotua Mogadishu. Kura Februari, buti Machi. Huo ndio mpangilio ambao sheria yao ya jeshi ya mwaka 2005 inautaka kwa ulinzi wa amani, na katiba yao ya 1995, ibara ya 210, inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria kuhusu majeshi kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba Waganda hawajui kuuliza kwanza. Wanajua. Walikwishafanya. Ndiyo maana ile Jumanne ya 2014 inauma zaidi.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2025 mchezo ulirudiwa kwenye uwanja uleule. Tarehe 11 Machi Mkuu wa Majeshi ya Uganda, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, alitangaza kwamba makomandoo wao wamekwishaingia Juba. Waziri wa Habari wa Sudan Kusini, Michael Makuei, akakana kwamba wapo. Tarehe 20 Machi Bunge la Kampala likakaa na kuidhinisha. Unaona? Safari hii hata hapakuwa na haja ya kungoja Luanda. Mwenye jeshi alisema wazi, mwenye nyumba akakana, na Bunge likaja nyuma likibeba kalamu.

Mtu atauliza kwa nini nahangaika na mambo ya Kampala nami niko Mwembesongo. Nahangaika kwa sababu bili ya vita huja, hata ikichelewa. Jeshi la Uganda liliingia Kongo Agosti 1998. Mwaka 2000 likapigana na jeshi la Rwanda ndani ya mji wa Kisangani, majeshi mawili ya wageni yakigombania mji wa mtu mwingine. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ikaamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikataja fedha, dola milioni 325, zilipwe kwa awamu 5 za dola milioni 65 kila mwaka. Wapo vijana wa Kampala wa umri wangu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1998, na wao ndio wanaokatwa kodi kulipa. Hao nani aliwauliza kwanza?

Wala tusidhani kwamba kuikarabati kura ya zamani ni ugonjwa wa Waafrika. Wakubwa wenyewe wanaupata. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Oktoba 2002 Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura ya kumruhusu Rais George W. Bush kutumia jeshi dhidi ya Iraq. 77 walikubali, 23 wakakataa, na jina la kila mmoja likaandikwa. Joe Biden alikuwa miongoni mwa waliokubali. Miaka 17 baadaye, mwaka 2019, akiutafuta urais, akasema kwenye mahojiano ya redio kwamba vita vilipoanza tu, palepale alijitokeza kuvipinga. Waandishi wakachimba kauli zake za 2003 wakakuta alikuwa bado akiviunga mkono. Watu wake wakasema ulimi uliteleza. Hillary Clinton naye kura hiyohiyo ilimfuata mwaka 2008 kama kivuli, kila aliposimama na Obama jukwaa moja. Tofauti yao na sisi ni kwamba kwao kura ina jina. Ukiiongezea chumvi, mtu anafungua kitabu anakuonyesha mstari wako.

Basi siku moja nikamkuta mgombea wetu kwa kinyozi. Bahati ilioje! Mtu mwenye wembe shingoni hawezi kukimbia swali.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, kijana. Kadi unayo?"

"Ninayo. Mheshimiwa, ile habari ya Uganda uliyoisema mkutanoni..."

"Iliingia, sivyo? Niliwaona watu walivyochachamaa."

Nikamweleza kwa adabu zote. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, povu kidevuni. Nilipomaliza akacheka kidogo.

"Kijana, watu wa mkutano hawaji na kalenda."

"Lakini yupo mama mmoja aliniuliza, mheshimiwa. Ana mtoto jeshini."

Hapo hakucheka. Kimya kikapita, kinyozi akaendelea na kazi yake. Nikaona niutumie ukimya huo. Nikamwambia kwamba angetumia mfano wa Somalia hakuna mtu angemgusa, na ule wa Sudan Kusini angeweza kuutumia kwa kinyume, kuonyesha yanayotokea Bunge likiitwa mwishoni. Akafumbua jicho moja.

"Somalia lini?"

"Bunge Februari 2007. Askari Machi."

Akamwashiria kinyozi asimame. "Hebu niandikie hiyo."

Nikamwandikia nyuma ya pakiti tupu ya sigara, kwa herufi kubwa, tarehe zote mbili. Akaitia mfukoni, akanishukuru, akamwambia kinyozi aninyoe na mimi kwa hesabu yake. Nilikuwa nimenyolewa juzi yake, nikakataa, ingawa kinyozi alinisihi kwa macho.

Wiki iliyofuata fundi redio alihudhuria mkutano wake Kihonda. Alirudi kijiweni anacheka mpaka machozi. Mgombea, anasema, alisimama akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaisoma, akapandisha sauti. "Wenzetu Uganda walipiga kura kwanza kwenda Somalia, wakapiga kura kwanza kwenda Sudan Kusini!" Yaani kweli niliyompa aliichukua akaifanya gundi ya kubandikia uongo wa zamani. Kijiwe kizima kilinicheka mimi. Sawa. Lakini naona afadhali nusu ya sentensi yake sasa inasimama kwa miguu yake yenyewe, maana ile ya kwanza haikuwa na mguu hata mmoja.

Pale kijiweni huwa yupo mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Siku hiyo alikuwa kimya, akicheza bao peke yake. Tulipomaliza kucheka akasema, "Nyie mnabishana kura. Sisi mwaka 1978 tulisikia redio tu."

Nikamwomba asimulie, kwani hayo ndiyo ninayoyatafuta kwa ajili ya sura ya tisa. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ambayo kila Mtanzania anaikumbuka kwa maneno matatu, sababu, uwezo na nia, ingawa kila mtu hapa mtaani ana mpangilio wake wa kuyataja, na wote wanaapa. Mzee wetu anasema aliyasikia kwenye redio ya mkulima chini ya mwembe, akaenda kujiandikisha. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaiteka Kampala.

"Hukujiuliza nani ameamua, babu?" nikamwuliza.

"Mtu kaingia nyumbani kwako na panga, unauliza nani ameamua?" Akasogeza kete. "Lakini hiyo ya kwenda nyumba ya mtu mwingine, hiyo hata mimi ningeuliza."

Nadhani mzee alisema kwa sentensi moja kile ambacho wanasheria wangekimalizia ukurasa mzima. Vita vya Kagera vilikuja mlangoni. Vya Sudan Kusini, kwa Uganda, vilikuwa vya jirani. Mtu anayefuatwa nyumbani hana muda wa kuitisha kikao, ila anayetoka kwenda kwa jirani anao, angalau wa siku moja. Tena angalau Jumatatu ingeweza kusubiri Jumanne.

Kulikuwa bado na deni la yule mama. Sikutaka kumpelekea habari za Kampala peke yake, kwani swali lake halikuwa la Kampala. Nikaazima kitabu cha Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa mwalimu mmoja, nikaenda nacho kwake jioni. Alikuwa uani anachambua mboga za kutoka Mgeta kwa ajili ya genge lake la asubuhi.

Nilimweleza kwanza ya Uganda. Kwamba ya Sudan Kusini walipiga kura baada ya watu kufika na baada ya watu kufa, na kwamba ya Somalia walipiga kabla. Akaitikia tu, "Ehe," mikono ikiendelea na mboga.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua, ingawa nimekaa naye mtaa mmoja miaka yote hii. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda kikosi maalumu cha kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, kwa azimio lake namba 2098, askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kijana wake alikwenda baadaye, katika zamu mojawapo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa usiku, na Watanzania si chini ya 14 wakauawa. Habari ilitoka redioni kabla ya majina. Yule mama aliketi na simu mapajani tangu asubuhi, akiogopa kuipiga asije akamaliza salio kabla ya kupigiwa, na akiogopa kupigiwa. Simu ilipolia alishindwa kubonyeza, akambonyezea binti wa jirani. Alikuwa ni kijana mwenyewe. Hakuwa Semuliki siku hiyo.

"Wale wengine," akasema, "mama zao nao walikaa hivyohivyo na simu."

Sikuwa na la kusema. Nikafungua kitabu.

Nilimsomea ibara ya 44. Inasema Rais aweza kutangaza kuwepo kwa hali ya vita kati ya Jamhuri ya Muungano na nchi nyingine. Akishatangaza, anampelekea Spika nakala ya tangazo, na Spika, baada ya kushauriana na kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, ataitisha Bunge ndani ya siku 14, lijadili hali ilivyo na lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono Rais.

"Kumbe na sisi ni baada," akasema.

"Ndiyo, mama. Kwa vita, tangazo linatangulia. Bunge linafuata."

"Na Kongo ilikuwa vita?"

"Kongo waliita kulinda amani."

"Basi soma hapo pa kulinda amani."

Nikairudia ibara ya 44 tangu juu, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Inazungumzia vita, nchi na nchi. Amani ya kwenda kulindwa kwa watu wengine haimo. Mama aliacha mboga, akafuta mikono kwenye kanga, akasogea karibu kana kwamba yeye ataiona.

"Geuza," akasema.

Nikageuza. Ibara ya 45 inahusu msamaha kwa wafungwa.

"Endelea kugeuza," akasema, akaenda ndani kuleta taa.